Harusi Aliyofichwa Jirani

“Niambie kitu kingine chochote, mama, lakini usiniambie umefuta.”

“Nimefuta,” alisema Bi Nunu, na kisu chake hakikusimama. “Ulipouliza mara ya kwanza nilikuwa nimefuta. Sasa nimefuta zaidi.”

“Chakula hakifutwi siku ya harusi yenyewe! Arbuni wameshaila!”

“Waile, iwatulie tumboni. Wageni wa mjukuu wangu hawali biriani ya mwanamume aliyevaa kofia ya karatasi. Yule akikoroga anamwombea nini bibi harusi? Anaomba foleni iishe akalale.”

Wahida alishika kiuno katikati ya sebule yake, akatazama huku na huku kama mtu aliyekosea mlango. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kitako juu ya zulia, gunia la vitunguu limepasuliwa mbele yake. Ukutani wanawake kadhaa walikuwa wameshapata pa kukaa na kukunja mikono ya magauni. Wengine walikuwa mlangoni wanavua viatu, na ngazini zilisikika sauti za wengine wakilaani lifti mbovu.

“Na hawa kawaita nani?”

“Hakuna aliyewaita. Tangu lini mtu akaitwa kumenya?”

Hapo mzee alikuwa na haki, na haki hiyo ndiyo iliyomuuma Wahida. Kwa Wazanzibari wa Jeddah, mtu hualikwa kwenye kula. Kwenye kumenya vitunguu haalikwi. Akisikia anakuja, kisu chake mkobani, na asiyekuja ndiye atakayeulizwa alikuwa na nini. Ndiyo maana Wahida alikuwa ameagiza biriani mkahawani kimya kimya. Pasipopikwa, alijisemea, hapamenywi. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Bi Nunu. Afadhali angepanda mnarani akatangaza.

“Nani kakupigia simu ya mkahawani? Wewe Kiarabu cha simu hukiwezi.”

Bi Nunu alielekeza kisu chumbani. Humo Wafaa, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amekaa kitandani, mikono ameinyoosha hina isiharibike. Ghafla alijifanya hajui Kiswahili.

“Wafaa!”

“Bibi alisema nisipopiga hatanitia udi,” alisema Wafaa. “Ningefanya nini, mama?”

Wahida alitaka kujibu, lakini simu ikalia mfukoni. Ulikuwa ujumbe. Aliusoma, akausoma tena, akaketi juu ya gunia la mchele.

*Nimebanwa Jumapili. Nitapita leo baada ya alasiri kwa ukaguzi wa mwisho. Ustadha Widad.*

Ustadha Widad alikuwa mushrifa, yaani mwangalizi wa jumuiya iliyomiliki jengo lile la mtaa wa Nuzha. Jengo lilikuwa wakfu wa tajiri mmoja aliyeacha wasia wa ajabu: fleti zake wapewe watu waliofukuzwa kwingine kwa kuwasumbua majirani, wenye uraia na wenye ikama, yaani kibali cha ukaazi, sawasawa, wafundishwe ujirani mwaka mzima. Atakayefuzu apewe mkataba wa kudumu kwa kodi ndogo. Atakayeshindwa ahamishiwe nje kabisa ya mji, ambako basi la shule halifiki na jirani wa karibu ni ngamia.

Kwa hiyo kila mlango ulikuwa na kesi yake. Wa chini alifukuzwa kwa kugombana. Wa juu, ambaye jengo zima lilimwita Baba Njiwa, alifukuzwa kwa njiwa wake. Hapa aliruhusiwa jozi moja, nayo ikawa inazaliana kwa siri. Wahida na mumewe Idi walifukuzwa kwa shughuli: sufuria ngazini, moshi wa vitunguu, kinu kikidunda mchana kutwa, na wanawake wakicheka hadi watoto wa fleti ya pili wakaamka wakilia. Kila Jumatatu, kwa mwaka mzima, Wahida alikuwa amekaa chini kwenye darasa la ujirani, yeye mama wa watoto wanne, akifundishwa na msichana asiye na hata paka jinsi ya kufunga mlango taratibu.

Alivumilia. Malalamiko mawili tu ndiyo yaliyoandikwa juu yake, yote kutoka nyumba moja. La tatu lingekuwa tiketi ya kwa ngamia. Na ilibaki ziara moja tu.

* * *

“Mama yako kafuta chakula,” Wahida alimwambia Idi kwenye simu, amejifungia bafuni.

Idi alikuwa dereva wa hoteli moja ya Olaya, Riyadh, na alirudi Jeddah kila mwisho wa mwezi. Siku hiyo alikuwa njiani na bwana harusi, Sultan, pamoja na nusu ya ukoo wake, ndani ya basi dogo la kukodi. Nyuma yake zilisikika kasida na makofi.

“Kafuta chote?”

“Idi, chakula kinafutwa nusu?”

“Lahaula! Na mie nimewakataza hawa wasile njiani, wafike na nafasi.”

“Mko wapi?”

“Tunashuka mlima wa Hada. Nyani wanatutazama.”

“Basi nawe nisikilize mie. Mushrifa anakuja leo.”

“Leo ya leo?”

“Baada ya alasiri. Na nyumba imejaa watu mpaka jikoni.”

Kasida iliendelea. Idi alikohoa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimfanya awe wa mwisho kupata wazo, ila akilipata lilikuwa fupi.

“Waondoe.”

“Nimwondoe nani? Bi Zuwena kapanda ghorofa tatu na magoti yake yale. Nimwambie ageuze?”

“Basi wamenye kimya.”

“Umewahi kuwasikia wanawake wa Kizanzibari wakimenya kimya?”

“Sijawahi,” alisema Idi. “Ndiyo maana tulihamishwa.”

Wahida alicheka bila kutaka, akaegemea ukuta wa bafu. Kisha akafuta uso kwa pindo la kanga. Kulia hakupiki biriani. Wageni walikuwa njiani, ukumbi ulikuwa umeshakodiwa, nyama ilikuwa imeshakatwa. Kama ni kupika, basi kupikwe. Kama ni kunyamaza, kunyamazwe.

* * *

Alisimama juu ya kigoda akapiga makofi bila sauti, vidole juu ya vidole.

“Jamani, karibuni. Mmenifaa na Mungu atawalipa. Sasa sikilizeni. Nyumba hii ina sharti. Leo baada ya alasiri anakuja anayeamua kama tunakaa au tunahamishwa. Jengo la pili, dirisha lile pale, kuna mama anayelala baada ya adhuhuri, na akiamka kwa kelele zenu mie nimekwisha. Kwa hiyo hakuna kuimba, hakuna vigelegele, hakuna kucheka.”

“Tumenye kama maiti?” aliuliza Bi Zuwena.

“Maiti hamenyi. Nyie mnamenya.”

“Na kitunguu thomu je?” Bi Nunu aliuliza. “Kinajitwanga chenyewe?”

“Kuna mashine, mama.”

“Mashine inakifanya kichungu.”

Ulikuwa ugomvi wa zamani na Wahida hakuwa na muda wa kuushinda. Walichukua godoro la Wafaa, wakalikunja mara mbili, wakaweka kinu juu yake. Mwanamke wa kwanza alipoinua mchi na kushusha, kinu kilizama, kikainama kama mlevi, thomu yote ikamwagika juu ya shuka za bibi harusi. Kimya cha kwanza kikavunjika papo hapo. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wahida mwenyewe alijiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

Mlango ukagongwa.

Wote wakaganda. Wahida akafungua kidogo. Alikuwa Truphena, msichana wa Kakamega aliyefanya kazi za ndani kwa jirani yule wa dirishani. Ndiye aliyetumwa kila mara kuleta lawama, na kwa kuwa mtaani pale ni yeye na akina Wahida tu waliosema Kiswahili, walikuwa wameshagombana na kupatana mara nyingi kuliko ndugu.

“Mama Wafaa, hapa kuna nini?” alisema, akijipenyeza ndani. “Aki watu wote hawa! Madam amekaa dirishani anahesabu abaya zikiingia.”

“Kasema nini?”

“Ameniuliza, hawa wanawake wote wanaenda wapi na wamenyamaza hivyo?”

“Nawe ukamjibu nini? Truphena, mwanangu, usiniambie umesema harusi.”

“Mimi ni mjinga? Najua hiyo mambo ya mushrifa.” Truphena alijipiga kifua. “Nimemwambia mko kwa maombi.”

“Maombi?”

“Si hata nyinyi huomba? Kwetu wamama wakija wengi hivi, wamenyamaza, ni maombi. Madam akanyamaza pia. Akasema Mungu awasaidie.”

Wahida alimshika mashavu akambusu. “Leo umeniokoa.”

“Basi mniwekee sahani,” alisema Truphena. “Na hiyo nyama isiwe mifupa tupu.” Akashuka ngazi mbio.

Kazi ikaendelea. Kinu kilihamishiwa bafuni juu ya taulo na kikaachwa. Vitunguu maji vilikuwa gunia zima na visu vilikuwa vikali. Bila hadithi, bila wimbo, bila hata umbea wa kuwapumbaza, wanawake walivisikia vitunguu kwa mara ya kwanza maishani mwao. Katika shughuli zote walizowahi kumenya, kicheko kilikuwa kikikausha machozi kabla hayajafika kidevuni. Sasa yalishuka tu. Bi Zuwena alilia. Bi Nunu alilia akipenga kwa leso. Sebule nzima ilikaa kimya, vichwa vimeinama, kwikwi moja huku na nyingine kule.

Wahida aliitazama sebule yake akaona imependeza. Kweli, sebule ya namna hiyo hata malaika mkaguzi angeipitisha. Alifikiri tu jinsi ya kuficha majiko mawili makubwa ya gesi, yale aliyoapa mbele ya mushrifa kwamba ameyauza.

* * *

Alasiri iliadhiniwa. Muda mfupi baadaye zilisikika hatua ngazini, za zaidi ya mtu mmoja, zikipanda polepole.

Wahida alisukuma jiko la pili chini ya meza, akavuta kitambaa, akafungua mlango kabla haujagongwa. Ustadha Widad alikuwa amesimama na mkoba wake wa kazi, uso umepoa. Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, mkali kwa kanuni lakini si kwa watu. Kando yake, akihema na kushikilia ukuta, alikuwa mama mmoja mnene aliyevaa nyeusi tupu. Nyuma yao Truphena alibeba birika la kahawa na sahani ya tende, na macho yake yalikuwa yametoka kama ya mtu aliyeona gari linakuja na miguu haimtii.

Mama yule alikuwa Umm Nawaf. Kwa mwaka mzima Wahida alikuwa akimjua mkono tu, mkono mweupe wenye pete unaofunga dirisha kwa kishindo.

“Mungu awape subira,” alisema Umm Nawaf. “Mungu amrehemu. Ni nani?”

Wahida alirudi hatua moja nyuma.

“Nimekutana na Umm Nawaf hapo chini,” alisema mushrifa kwa upole. “Pole sana, Umm Wafaa. Ungenijulisha. Nisingekuja siku ya msiba.”

Umm Nawaf alikuwa ameshaingia. Aliona sebule: wanawake wote chini, kimya, macho mekundu, machozi yanatiririka. Hakuona visu, au aliviona na akili yake ikavikataa. Akainua mikono akaomba dua ndefu ya marehemu, na Bi Zuwena, ambaye hakuelewa kinacholiliwa lakini alifunzwa kwamba dua haiachwi bila kuitikiwa, akaitikia kwa sauti, “Amin.” Wote wakaitikia, “Amin.”

Amin ile ndiyo iliyoharibu kila kitu, au ndiyo iliyotengeneza, inategemea.

Kwa sababu sasa mlango ulikuwa wazi. Truphena, nyuma ya mabega ya madam wake, alitikisa kichwa kwa nguvu: kubali, kubali! Na Wahida aliliona jambo zima kwa mara moja, jepesi na lililoiva kama tende. Shangazi amekufa Unguja. Nani atauliza ni shangazi gani? Watu wamekuja kumsomea dua. Mushrifa ataondoka kwa aibu, Umm Nawaf atasamehe yaliyopita, mkataba utasainiwa, watoto watabaki na shule yao. Ni neno moja tu. Si yeye aliyelianzisha.

Umm Nawaf alipiga magoti kwa taabu mbele ya Bi Nunu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akamshika kichwa akambusu utosini. Bi Nunu alimwacha ambusu, kisu mkono wa kulia, kitunguu mkono wa kushoto, akimtazama Wahida kama anayeuliza, huyu kapatwa na nini?

Ndipo Wahida alipoiona miguu ya mgeni wake. Alikuwa na ndara za nyumbani, moja ya bluu na moja ya kahawia. Mama huyu alikuwa amekatiza usingizi wake wa mchana, ule ule aliougombea kwa malalamiko mawili, akavaa viatu asivyovitazama, akapanda ghorofa tatu zisizo na lifti ili kuwalilia watu asiowapenda.

“Inuka, mama,” alisema Wahida. “Inuka, nakuomba. Hakuna aliyekufa.”

“Hakuna?”

“Ni harusi. Ya binti yangu. Hawa wanalia vitunguu.”

Kwikwi ya mwisho ikakatika. Truphena alifumba macho. Bi Nunu, aliyeelewa Kiarabu cha uso kwa uso vizuri kuliko cha simu, alifuta kisu chake kwenye pindo la kanga na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha:

“Kwa hiyo msibani tumemwita, na harusi tumemficha.”

“Anasema nini?” aliuliza Umm Nawaf.

Wahida angeweza kutafsiri kitu kingine. Uso ulimwaka. “Anasema, mama, tumekuita kwenye msiba usiokuwepo, na harusi iliyopo tumekuficha. Anasema ni aibu. Na ni aibu kweli.”

Umm Nawaf alikaa pale pale chini alipopiga magoti.

“Nimelia,” alisema. “Ngazini, nimemlilia mtu asiyekufa.”

“Labda ni harufu ya vitunguu, mama.”

“Ghorofa ya kwanza hakuna vitunguu!” Akamgeukia Truphena. “Na wewe?”

“Madam, mimi nilisema maombi,” Truphena alijitetea kwa Kiarabu chake cha kuchonga. “Sikusema maiti. Maiti ni wewe ulimleta.”

Mtu mmoja alicheka, kicheko kidogo cha puani kilichozuiwa kikashindikana. Kila mtu alitazama kando kutafuta ni nani. Alikuwa Ustadha Widad. Alivua miwani, akaifuta, akajaribu kuuvaa tena uso wa kazi, lakini macho yake yalikutana na kisu cha Bi Nunu na hakuweza. Kisha Bi Zuwena akaanza, kisha Bi Nunu, na kicheko kilichozuiwa tangu adhuhuri kikatoka chote kwa pamoja. Chumbani Wafaa aliuliza kwa sauti ya juu kuna nini, na kwa nini hakuna anayemwambia. Umm Nawaf alikuwa wa mwisho. Alicheka tumbo likitikisika, mkono wenye pete juu ya goti la Bi Nunu.

Kicheko kilipoisha, mushrifa alirudisha miwani.

“Umm Wafaa,” alisema, “fleti hii hairuhusiwi umati huu. Na lile ni jiko uliloniapia umeliuza.”

Kitambaa cha meza kilikuwa kimejikunja. Jiko lilitoa jicho lake lote.

“Ni kweli,” alisema Wahida. “Yote mawili. Andika.”

“Umm Nawaf, je, unalo lalamiko?”

Wahida alijitetea kwa njia pekee aliyoijua. “Mama, tutakuletea sinia zima. La kwanza kupakuliwa litakuwa lako.”

“Sitaki chakula chenu,” alisema Umm Nawaf, waziwazi. “Kitunguu thomu kinanivuruga tumbo usiku kucha. Mwaka mzima mnadhani nataka kulishwa? Nataka dirisha langu lifunguke. Hilo tu.”

Wahida alimtazama. Hatimaye alikuwa amekutana na mtu anayezungumza kama yeye.

“Dirisha lipi?”

“Unaniuliza leo?”

“Leo ndiyo nauliza. Njoo unionyeshe.”

Wakaenda jikoni wote watatu, na Truphena na birika lake nyuma. Umm Nawaf alionyesha. Upepo wa baharini uliingia upande ule, ukapita juu ya jiko la Wahida, ukaenda moja kwa moja chumbani kwake kwenye mapazia. Kila kitunguu kilichokaangwa kwa mwaka mzima kilikuwa kimelala kwenye foronya ya yule mama. Wahida alisimama akanusa upepo. Katika mtaa wao wa zamani, kabla haujavunjwa na wao kuhamia kule walikofukuzwa, hakuna aliyewahi kumwomba jirani ruhusa ya kupika. Siku zote alijua hilo na kujivunia. Hakuwahi kufikiri kwa nini: jirani mwenyewe ndiye aliyekuwa amekaa chini anamenya.

“Na kule nyuma?” aliuliza. “Uwanjani, nyuma ya tangi la maji. Tukipikia pale, upepo utakupitia?”

Umm Nawaf alichungulia, akapima kwa kidole. “Pale utakwenda barabarani. Wapeni harufu wenye magari, wananipigia honi bure.”

“Na kelele?”

“Mkimaliza kabla ya magharibi, sina neno. Kinu kisilie nikilala.” Akafikiri. “Leo usingizi umeshakwenda. Leo twangeni.”

Wahida akamgeukia mushrifa. Neno hili lilimkaa kooni kama mwiba wa changu. Mwaka mzima wa Jumatatu walikuwa wakimfundisha alitamke, naye alikuwa akilitamka darasani kama kasuku na kuliacha pale pale juu ya kiti.

“Ustadha, naomba ruhusa,” alisema. “Uwanja wa nyuma, leo, mpaka kabla ya magharibi. Nitafagia mwenyewe. Na kila siku nyingine nikiwa na shughuli, nitaomba kwako, na nitaomba kwa Umm Nawaf, kabla ya kununua hata kitunguu.”

“Na majiko?”

“Yatakaa huko huko chini. Humu ndani hayapandi tena.”

Ustadha Widad alimtazama Umm Nawaf. Umm Nawaf alikuwa ameshajimiminia kahawa ya msiba na anaitafuna tende.

“Lalamiko ninalo,” alisema, “lakini ni la kwangu na huyu msichana wangu. Haliandikwi.”

“Basi nami sina la kuandika,” alisema mushrifa. “Uwanja umeruhusiwa. Mkataba utakuwa tayari Jumatatu, Umm Wafaa. Uje na mume wako.”

Wahida hakumkumbatia, kwa kuwa mikono yake ilinuka na muda ulikuwa hauna huruma. Nje kivuli cha tangi kilikuwa kimeshaanza kurefuka. Basi la Riyadh lilikuwa limeshaukaribia mji.

Alirudi sebuleni, akapanda kigoda, na safari hii alipiga makofi yenye sauti.

“Yalla, inukeni! Tunashuka!”

“Tunafukuzwa?” aliuliza Bi Zuwena, akitafuta viatu.

“Tunahama jiko tu. Bi Zuwena, wewe hushuki mara mbili, shuka mara moja ukae huko huko. Mama, kinu chako. Nyama mbele, mchele nyuma, mitungi ya gesi nibebe mie. Truphena, weka birika, shika sikio la sufuria hili. Wafaa, wewe usiguse kitu, hina hiyo! Na mtu yeyote mwenye kigelegele kilichomkaa kifuani tangu asubuhi, akitoe kabisa hapa ngazini.”

Walikitoa. Kilianza ghorofa ya tatu kikashuka na wao, duru baada ya duru, na milango ikafunguka njiani. Baba Njiwa alichungulia, akauliza ni harusi ya nani, akaambiwa, akaenda kuvaa kanzu na kurudi kubeba mtungi mmoja. Jirani wa chini, yule wa kugombana, aligombana kidogo kwa mazoea kisha akasogeza pikipiki yake wapite. Umm Nawaf alishuka wa mwisho akishikilia bega la Bi Nunu, akimweleza jambo refu kuhusu harusi yake mwenyewe ambalo Bi Nunu aliliitikia lote kwa “Ehee.”

Nyuma ya tangi la maji palikuwa na kivuli kizuri na upepo uliokwenda barabarani kama alivyosema mwenye dirisha. Wahida aliweka mtungi chini, akazunguka pale mara moja, akasimama. Mahali penyewe hasa, pale ambapo majiko mawili yangekaa bila kumuunguza mtu, palikuwa na gari jeupe dogo lenye nembo ya jumuiya mlangoni.

Wanawake wakasimama nyuma yake na sufuria zao. Wahida aligeuka akamtafuta mwenye gari.

“Ustadha,” alisema, “gari lako liko jikoni kwangu.”

Mushrifa alitazama gari, akamtazama Wahida, akatazama mstari wa wanawake wenye macho mekundu na masufuria. Akatoa ufunguo mkobani.

“Nilisogeze wapi?”

“Kule kwenye kona. Rudi nyuma kidogo. Kata kulia. Bado. Bado. Halas, hapo hapo.”

Na kabla injini haijazimwa, Wahida alikuwa ameshapiga magoti kwenye doa la mafuta, amefungua gesi, anawasha.